Kuwamba Sauti: Hedifoni za Umemetuli na Watu Wanaojiundia

Mwaka 1910, huko Utah, Marekani, Nathaniel Baldwin aliunda hedifoni jikoni kwake, akawapelekea Jeshi la Wanamaji. Wanajeshi walizijaribu, wakazipenda, wakaagiza nyingine. Naanza na jiko hilo kwa sababu tumezoea kudhani kwamba vifaa vya sauti huzaliwa maabara na kufia kwenye meza ya fundi. Hedifoni zilizaliwa mezani kwa fundi. Na ipo aina moja ambayo mpaka leo watu bado wanaiunda nyumbani, kwa mikono, na matokeo yake si ya kuchekesha. Ni hedifoni za umemetuli, zile ambazo za dukani bei yake humfanya mtu arudishe pochi mfukoni taratibu.

Ili kuelewa kwa nini hii inawezekana, tuanze na hedifoni uliyonayo wewe. Ndani ya kila upande kuna kile ambacho mafundi wanakiita draiva, yaani sehemu inayougeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa. Kwa wengi wetu ni ya sumaku na koili. Waya mwembamba umezungushwa, ukabandikwa nyuma ya kiwambo cha plastiki, na kuwekwa kwenye pengo la sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili inasogea mbele na nyuma, na kiwambo kinaifuata. Ni mfumo mzuri, na wa bei nafuu. Beyer ya Ujerumani iliutumia kwenye hedifoni ya DT 48 mwaka 1937, na hadi leo ndio unaotawala dunia. Tatizo lake limejificha kwenye neno "kinaifuata". Koili inasukuma kiwambo pale ilipobandikwa tu. Sehemu nyingine zinavutwa, na kwenye sauti za juu zinachelewa, zinajikunja, zinatikisika kwa matakwa yake zenyewe.

Sasa ondoa koili. Ondoa na sumaku. Chukua utando wa plastiki mwembamba mno, uwambe kwenye fremu, uupake kitu kinachopitisha umeme kwa shida, kisha uutie chaji ya mamia ya volti. Uweke katikati ya mabamba mawili yenye matundu, bila kuyagusa. Muziki unapelekwa kwenye mabamba: moja likiwa chanya jingine linakuwa hasi, halafu yanabadilishana, hata maelfu ya mara kwa sekunde. Bamba moja linauvuta utando, la pili linausukuma. Nguvu inaugusa karibu uso wote kwa wakati mmoja, na utando wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba hewa inayousindikiza inaweza kuwa na uzito kuuzidi. Ndiyo draiva nzima hiyo. Haina kingine.

Nusu ya kazi yangu ya uandishi wa habari ni kusikiliza rekodi za mahojiano. Najua kwamba kabla ya mtu kusema "sikumbuki", mara nyingi kuna pumzi ndogo anayoivuta. Mara ya kwanza kusikiliza rekodi zangu kwenye hedifoni za aina hii, pumzi ile ilikuwa pale, na kiti kilicholia chini ya msemaji, na feni. Sikusikia kitu kipya. Nilisikia kile kile bila ukungu. Basi nikataka kujua kitu rahisi hivi kilichelewa wapi.

Maana kanuni yake si mpya hata kidogo. Mwaka 1917 E. C. Wente wa Western Electric alichapisha maelezo ya maikrofoni yake ya kondensa, ambayo ni mfumo huu huu ukiendeshwa kinyumenyume: sauti inatikisa kiwambo, umeme unabadilika. Edward Kellogg, ambaye mwaka 1925 pamoja na Chester Rice alitoa spika ya koili iliyokuja kuitawala dunia, mwaka 1934 alipewa hataza ya spika ya umemetuli. Yaani mtu yule yule aliyeufungulia mlango mfumo wa koili alikuwa bado anaukodolea macho huu mwingine. Wazo lilikuwepo. Kilichokosekana ni ngozi.

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kiwambo kinatokana na kuwamba, na anayewamba ngoma anajua kwamba ngozi ndiyo kila kitu: ikiwa nene, ngoma inakuwa bubu, ikiwa na unyevu, inalegea, ndiyo maana ngoma inasogezwa karibu na moto ili ikaze. Wahandisi wa miaka ya 1930 walihitaji ngozi nyepesi, imara, isiyonyonya unyevu, isiyolegea baada ya miezi sita, na inayokaa vizuri na umeme mwingi. Haikuwepo. Ilikuja kutoka upande ambao hakuna aliyeuangalia, upande wa nguo. Mwaka 1941 John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wanakemia wa Calico Printers' Association, kampuni ya Manchester ya kuchapa vitambaa (ndiyo, kaliko, kile kitambaa chenye jina la mji wa Calicut, India), waligundua plastiki tuliyoizoea leo kwa jina la polista. Katika miaka ya 1950 DuPont ya Marekani ikaisambaza kwa sura ya utando, ikaiita Mylar. Chupa yako ya maji imetokana na plastiki hiyo hiyo. Shati lako pengine pia.

Nadharia nayo ikaiva kipindi hicho hicho. Frederick Hunt wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kitabu chake *Electroacoustics* mwaka 1954, na mwaka 1955 Mwingereza Peter Walker akaandika mfululizo wa makala katika jarida la *Wireless World*. Jambo walilolisisitiza linakwenda kinyume na akili ya kawaida, na naomba uvumilie kidogo kwa sababu ndilo linaloamua sauti. Fundi asiyejua atapaka utando kitu kinachopitisha umeme vizuri kabisa. Kumbe anaharibu. Utando ukipitisha umeme vizuri, chaji inakimbia huku na huku kila unapojongea, inarundikana pale utando ulipolikaribia bamba, na kuufanya uvutwe zaidi upande huo. Nguvu inategemea utando uko wapi badala ya kutegemea muziki tu, na huo ndio mkwaruzo unaousikia. Mpako ukiwa mbishi, chaji haina muda wa kuhama kabla utando haujageuka. Inabaki pale pale, na nguvu inaufuata muziki peke yake. Kwa maneno mengine, ubora wa kifaa hiki cha umeme unategemea sehemu moja inayopitisha umeme vibaya kwa makusudi.

Walker alikuwa mfanyabiashara. Spika yake ya Quad iliingia sokoni mwaka 1957, ikitengenezwa Huntingdon, na paneli zake za besi zilihitaji takriban volti 6,000. Lakini miaka miwili kabla alikuwa ameshayamwaga maelezo hadharani, kwenye jarida ambalo kijana yeyote mwenye chuma cha kulehemu angeweza kulinunua. Kwangu mimi tarehe muhimu ni hiyo 1955 kuliko 1957.

Kutoka spika kwenda hedifoni safari ni fupi, kwa sababu sikio liko karibu. Hewa ya kusukuma ni kidogo, pengo linaweza kuwa dogo, volti zinashuka. Stax, kampuni ya Japani iliyoanzishwa 1938, ilitoa SR-1 mwaka 1960, na mpaka leo inakataa kuziita hedifoni. Inaziita spika za masikio. Mwanzoni zilitumia volti 230, baadaye 580. Koss ya Milwaukee ikafuata na ESP-6 mwaka 1968. Mwaka 1991 Sennheiser ikatoa Orpheus, na amplifaya yake ya valvu, jozi 300 tu kwa dunia nzima. Mia tatu! Kama wewe si miongoni mwa hao, ulibaki na njia mbili: kusoma sifa zake, au kuchukua keekee.

Mwaka jana nilikaa Jumamosi tatu na rafiki yangu hapa Dar es Salaam akiunda jozi yake. Mabamba aliyapata kwenye bodi za saketi zenye shaba upande mmoja, akazikata duara na kuzitoboa matundu kwa mamia. Hiyo ni kazi ya kuchosha kweli, na si mapambo. Matundu yakiwa machache, hewa inanaswa ndani na sauti za juu zinapoteza uhai. Yakizidi, shaba inayobaki kuuvuta utando inakuwa haba na sauti inafifia. Alipomaliza kutoboa alikaa saa nzima anasugua kingo za kila tundu kwa msasa, kwa kuwa umeme wa volti nyingi hupenda ncha kali, na ukipata ncha unaruka. Hewa huvumilia takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Pengo lake lilikuwa nusu milimita kila upande. Piga hesabu uone nafasi iliyobaki ukishaweka volti 580 kwenye utando na mia kadhaa za muziki juu yake.

Pengo hilo ndilo lililotugombanisha. Mimi nilisema apunguze, sauti iwe kubwa zaidi, maana ukilipunguza kwa nusu nguvu inaongezeka mara nne. Yeye akasema besi. Noti ya chini inataka utando utembee mbali, na pengo dogo ni chumba kidogo. Utando utagonga ukuta. Alikuwa sahihi, na hedifoni ni zake.

Kisha kuwamba kwenyewe. Utando aliouagiza ulikuwa wa mikroni tatu. Unywele wa kichwani ni kama sabini. Ukipumua karibu nao, unakukimbia. Njia maarufu ya wanaojiundia ni tyubu ya baiskeli: unaizungusha kwenye ukingo wa ubao, unabandika utando juu yake pande zote, halafu unajaza upepo polepole kwa pampu. Tyubu inavimba, utando unavutwa sawasawa kila upande. Unaigonga kidogo kwa kidole na kusikiliza. Kuna wanaotumia joto, kwa sababu utando huu hujikaza ukipata moto, sawa kabisa na ngoma yetu. Hapa ndipo tabia ya hedifoni inapoamuliwa. Ukiwamba kwa nguvu mno, mwitiko wake wa asili unapanda juu na besi inakonda. Ukiulegeza, besi inashuka vizuri, ila siku moja chaji itauvuta utando mpaka ubandike kwenye bamba, na upande huo unanyamaza. Mafundi wazuri wanaishi pembezoni mwa kunyamaza huko.

Mpako wake ulikuwa grafaiti, ule weusi wa ndani ya penseli, uliosuguliwa kwa pamba kisha ukafutwa karibu wote. Wapo wanaotumia hata sabuni ya vyombo iliyozimuliwa. Ukikumbuka alichosisitiza Walker, utaona hawafanyi utani: wanatafuta kitu kinachopitisha umeme, lakini kwa uvivu.

Lazima niseme jambo moja bila mzaha, kwa kuwa kuna watakaosoma hapa wakatamani. Chaji ya utando yenyewe hupitishwa kwenye rezista ya megaomu kadhaa, kwa hiyo hata ikivuja, mkondo wake ni mdogo mno. Amplifaya ndiyo hatari. Ile hubeba mamia ya volti zenye mkondo wa kutosha kuua, na kondensa zake hukaa na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Rafiki yangu aliunda draiva kwa mikono yake. Amplifaya alinunua iliyokwisha kutengenezwa. Wapo watakaomwona mwoga. Mimi namwona mtu mwenye watoto wawili.

Na sauti yenyewe? Wapenzi wa hedifoni hizi wana tabia ya kuzungumza kama waumini, eti umemetuli unakupa sauti halisi. Hapana, bwana. Kiwambo chepesi kinaondoa uzembe fulani, na hilo linasikika. Lakini mito ya masikio isipoziba vizuri, besi inatoroka, na miwani yangu tu inatosha kufungua mlango. Nimewahi kusikia hedifoni ya koili iliyoundwa kwa makini ikiishinda ya umemetuli iliyoundwa ovyo. Aina ya draiva inakupa nafasi. Pengo, mvuto, matundu na mto ndivyo vinavyoamua utaitumiaje. Kwa jozi za kiwandani maamuzi hayo umefanyiwa na mtu usiyemjua. Rafiki yangu anajua kila moja lilifanyika Jumamosi ipi.

Upande wa kulia ulitoka vizuri. Wa kushoto ulikuwa chini kidogo, nasi tulijua ni mvuto, kwa maana kila kitu kingine kilifanana. Kuna na suala la unyevu wa pwani, unaosaidia chaji kuvuja, kwa hiyo sasa jozi hiyo inalala kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Alipoufungua upande wa kushoto hakulalamika. Aliubandua utando, akatoa upepo kwenye tyubu, akakata kipande kingine, akaanza kupampu tena huku akihesabu kwa sauti.