Miaka 60 tangu bomba la maji lifungwe: safari ya kutafuta tiba ya OCD

Anayepita leo barabara ya Mortimer Street, katikati ya jiji la London, haikuti tena Hospitali ya Middlesex. Ilianzishwa mwaka 1745, ikafungwa mwaka 2005, kisha ikabomolewa na kiwanja chake kikajengwa nyumba za kuishi, ofisi na maduka. Kilichosalia ni kanisa dogo la hospitali, lililokingwa na sheria ya majengo ya kale, pamoja na ukuta wa mbele upande wa Nassau Street.

Jengo limekwenda, lakini jina la Middlesex lina mahali pake katika historia ya maradhi ya akili. Mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer, wa idara ya magonjwa ya akili ya chuo cha udaktari cha hospitali hiyo, alichapisha katika jarida la Behaviour Research and Therapy makala fupi isiyofika hata kurasa kumi. Ilihusu wagonjwa wawili tu. Makala hiyo inatimiza miaka 60 mwaka 2026, na ndimo ilimochipukia tiba ya mazungumzo na mazoezi inayotegemewa zaidi hadi sasa dhidi ya ugonjwa unaoitwa OCD.

Huu ni ugonjwa wa fikra zinazomganda mtu bila kuzitaka, na vitendo anavyojikuta hana budi kuvirudia ili apate nafuu ya dakika chache. Kuna anayenawa mpaka viganja vinachubuka na kutoa damu. Kuna anayefunga mlango, akausukuma, akaenda hatua tatu, akarudi kuusukuma tena, mpaka basi linamwacha. Na kuna asiyeonekana akifanya lolote, kwa kuwa anahesabu moyoni, au anasali kimyakimya kulifuta wazo baya lililompitia. Kwetu Pwani anajulikana tangu zamani mwenye wasiwasi wa udhu. Wenzake wameshafunga swala, yeye bado yuko birikani, anaosha tena mkono wa kulia kwa sababu hana hakika kama maji yalifika kwenye kiwiko. Watu humcheka, au humwambia aache. Lau angeweza kuacha, angeacha zamani.

Wasomi wa Kiislamu waliuona ugonjwa huu mapema sana. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 850 karibu na mji wa Balkh, ulioko Afghanistan ya leo, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na sura ya mwisho ya sehemu ya nafsi akaiweka kwa ajili ya wasiwasi unaomrudia mtu bila kukoma. Alishauri mgonjwa asiachwe peke yake, apate shughuli ya kumshika, na azoezwe kuikabili fikra kwa fikra. Huko Baghdad, Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, aliwakemea kwa maneno makali wanaomaliza maji kwenye udhu na kuirudia nia ya swala mara kwa mara. Mmoja alitibu, mwingine alikemea, na mpaka leo njia hizo mbili ziko hai majumbani mwetu.

Ulaya ilifika baadaye. Esquirol wa Ufaransa alimweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1838. Sigmund Freud alichapisha mwaka 1909 kisa chake maarufu cha kijana aliyesumbuliwa na wazo la panya, na kwa nusu karne baada ya hapo mgonjwa wa OCD mwenye fedha alilazwa kwenye kochi kuzungumzia utoto wake. Pierre Janet wa Paris alikuwa na jicho jingine: katika kitabu chake cha mwaka 1903 alieleza jinsi kiongozi wa tiba anavyopaswa kumpangia mgonjwa kitendo anachokiogopa, kumsimamia akifanye, na kumtia moyo akirudie. Alikaribia sana. Lakini sauti ya Freud ndiyo iliyosikika, na Janet akasahaulika.

Kochi liliposhindwa, zikaja njia za kutisha. Mwaka 1935 Egas Moniz wa Ureno alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Wenye OCD walikuwa miongoni mwa waliopelekwa kwenye kisu hicho, na wengine walipitishiwa umeme kichwani. Edna Foa, mtaalamu aliyezaliwa Haifa na kufanya kazi Philadelphia, ambaye maandishi yake pamoja na ya Meyer ndiyo niliyoyategemea zaidi hapa, anaandika kwamba hadi katikati ya miaka ya 1960 ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa hautibiki.

Ndipo anapoingia Meyer.

Wakati huo wataalamu wa tabia walikuwa na silaha mpya, iliyotengenezwa Johannesburg na Joseph Wolpe na kuenezwa na kitabu chake cha mwaka 1958. Mtu alifundishwa kuulegeza mwili, kisha akasogezwa polepole kwenye kile anachokiogopa. Kwa anayeogopa nyoka au lifti njia hiyo ilifaa. Kwa anayenawa mara nyingi kwa siku ilikwama, kwani kila hofu ilipopanda alikimbilia maji, na maji yakamzuia kujifunza lolote.

Meyer akageuza swali. Kulikuwa na majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba mnyama aliyezoea kukimbia hatari huendelea kukimbia hata hatari ikishaondolewa, kwa sababu hakai kuona kwamba haipo. Je, mgonjwa akizuiwa kabisa kutenda kile kinachomtuliza, itakuwaje? Meyer alidhani atagundua kwa macho yake kwamba balaa analolingoja haliji, na matarajio yake yatabadilika.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule, mwanamke aliyeogopa uchafu na kutawaliwa na kunawa na kusafisha. Alilazwa, na wauguzi wakawekwa kukaa naye muda wote. Maji ya chumbani mwake yakafungwa. Sabuni na vifaa vya usafi vikatolewa kwa kipimo, na muuguzi akiangalia. Kisha zikaanza kazi zenyewe: ashike vitasa vya milango, aguse vitu alivyoviona najisi, apande usafiri wa umma wa London pamoja na abiria wengine, na baada ya hayo yote asinawe.

Mwenye ugonjwa huu hahitaji kuelezwa maana ya saa ile ya kwanza. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, viganja vinawaka kana kwamba uchafu unatembea juu yake, na akili yote inadai jambo moja tu, maji. Muuguzi hana dawa ya kumpa, wala hamhakikishii kwamba hakuna vijidudu, kwa kuwa uhakikisho nao ni maji ya aina nyingine. Anakaa naye tu, anazungumza naye, anamshirikisha kazi nyingine, mpaka hofu inashuka yenyewe.

Mgonjwa wa pili naye alikuwa mwanamke, na alitesekea kichwani. Mawazo ya kukufuru yalimvamia katikati ya mambo ya kawaida kabisa ya kila siku, na kila yalipomjia alilazimika kukirudia kitendo ili kuyafuta. Meyer alimtaka ayaruhusu mawazo yale yaje, kwa makusudi, bila kurudia chochote. Kwa mcha Mungu hilo ni zito kuliko kushika pipa la taka.

Wote wawili walipata nafuu kubwa, na wauguzi walipoondolewa hatua kwa hatua nafuu haikuondoka nao.

Ugomvi uliofuata ulikuwa mkali. Mwaka 1952 Hans Eysenck, wa Taasisi ya Saikaiatria jijini London, alikuwa ameshawachokoza wafuasi wa Freud kwa kudai kwamba hakuna ushahidi kuwa tiba yao inamponya mgonjwa kuliko anavyopona akiachwa. Sasa hao nao walipata cha kujibu. Kwao kunawa kulikuwa boma la mgonjwa: lizuie, naye ataingia kwenye wazimu kamili, au dalili iliyozibwa hapa itafumuka pale kwa sura nyingine. Juu ya hayo kulikuwa na swali la utu. Mtu mzima anafungiwaje maji? Muuguzi anayemlinda mgonjwa usiku na mchana ana tofauti gani na askari jela?

Jibu la hoja ya kwanza lilikuja na wakati. Mwaka 1974 Meyer na wenzake wawili walitoa taarifa ya wagonjwa 15. Kumi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa mno, watano nafuu ya kiasi, na baada ya miaka mitano hadi sita ya kuwafuatilia waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wawili. Boma lilibomolewa na wazimu uliotabiriwa haukutokea.

Hoja ya pili, ya utu, ilikuwa ya haki kabisa, na nadhani ndiyo iliyoiboresha tiba hii kuliko nyingine yoyote. Katika Hospitali ya Maudsley, kusini mwa London, Stanley Rachman, Ray Hodgson na Isaac Marks waliirekebisha kazi ya Meyer kuanzia mwaka 1971. Kwao mtaalamu alianza yeye: anashika kitu kinachoogopwa, anajipaka mikononi na nguoni, ndipo mgonjwa anafuata. Ulinzi wa saa 24 ukaachwa, kwani mgonjwa aliyeelezwa sababu akakubali kwa hiari yake aliweza kujizuia mwenyewe. Mwaka 1976 Rachman na wenzake walionyesha kwamba ile hamu kali ya kunawa au kukagua, ikiachwa bila kutimizwa, hufifia yenyewe katika muda wa saa chache. Miaka miwili baadaye, akiwa na Padmal de Silva wa Sri Lanka, alionyesha kwamba watu wazima wenye afya nao hupitiwa na mawazo yaleyale ya kutisha au ya kukufuru. Tofauti ni kwamba wao huyaacha yapite. Ni wagonjwa wangapi wangelala usingizi siku ileile kama wangeambiwa hilo tu!

Tusisahau pia kwamba Wolpe na Rachman walizaliwa Johannesburg, na Marks Cape Town. Sehemu kubwa ya mizizi ya tiba hii iko katika bara letu, ingawa matunda yake yamechumwa kwingine.

Upande wa vidonge historia ni fupi. Mnamo 1967 madaktari wa Hispania waliripoti kwamba klomipramini, dawa ya sonona, inawasaidia wenye OCD. Marekani haikuiidhinisha kwa ugonjwa huo mpaka mwisho wa 1989, mwaka ambao daktari Judith Rapoport alitoa kitabu kilichowafumbua macho wasomaji wengi wa nchi hiyo. Zikafuata fluoksetini na nduguze. Mwaka 2005 timu ya Foa ilichapisha jaribio la wagonjwa 122: kati ya waliofanya mazoezi ya kukabili hofu, asilimia 62 walipata nafuu ya maana, klomipramini peke yake asilimia 42, vyote viwili pamoja asilimia 70, kidonge kisicho na dawa asilimia 8. Katika mji wa Bergen, Norway, Gerd Kvale na Bjarne Hansen wameyakusanya mazoezi hayo katika siku nne mfululizo, kila mgonjwa na mtaalamu wake.

Na sisi je? Klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na fluoksetini si dawa ya gharama kubwa. Lakini mazoezi ya Meyer, ambayo hayataki mashine, wala umeme, wala dawa kutoka nje, ni mangapi yanayotolewa kwetu? Kijana anayeosha mikono mpaka inatoka damu huzungushwa kwa mganga, kwa mchungaji na kwa shehe, kisha akifika hospitali hupewa vidonge vya usingizi na kuambiwa apunguze mawazo. Familia nayo humhurumia kwa namna inayomdidimiza: inamjazia ndoo nyingine, inamjibu kwa mara ya ishirini kwamba mlango umefungwa. Hapa hakuna mwenye nia mbaya. Kinachokosekana ni mafunzo, na inauma kuona mafunzo yaliyokwisha kuandikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa hayajawafikia wanaoyahitaji.

Viongozi wa dini wana nafasi hapa kuliko wanavyodhani. Wanaowatibu Waislamu wenye wasiwasi wa ibada wamekuwa wakishirikiana na mashehe, kwa sababu fiqhi yenyewe iko upande wa tiba: yakini haiondolewi na shaka, na kiungo hakioshwi zaidi ya mara tatu. Shehe humweleza mgonjwa mpaka huo, na mtaalamu humsaidia kuushika. Anatawadha mara moja, maji yanafungwa, anaingia kuswali na shaka yake bado inamchoma, na kesho yake anafanya vivyo hivyo. Hakuna anayemwambia udhu wake umetimia; akiuliza, hajibiwi.

Vyuo vyetu vinafundisha wauguzi wa afya ya akili kila mwaka, na wao ndio wanaokaa na wagonjwa kutwa nzima. Wizara za afya zikiyaingiza mazoezi haya katika mitaala yao, kazi inaweza kuanza bila kungoja madaktari bingwa waongezeke. Walioifanya kwa mara ya kwanza, zamu baada ya zamu, walikuwa wauguzi wa Middlesex, na makala ya mwaka 1966 ina jina moja tu la mwandishi.