Nick Reding

Nick Reding (amezaliwa London, 1962) ni mwigizaji wa jukwaani na wa filamu kutoka Uingereza, ambaye kazi yake yenye uzito zaidi ameifanya Kenya. Kwao alijulikana kama polisi Pete Ramsey katika tamthilia ya televisheni *The Bill*. Mwaka 1992 aliigiza kama Joe Pitt katika mchezo wa jukwaani *Angels in America* kwenye Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, London.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alianzisha Kenya shirika la S.A.F.E., linalopeleka michezo ya kuigiza mitaani kuzungumzia UKIMWI. Katika filamu *The Constant Gardener* (2005), iliyopigwa picha kwa sehemu katika mtaa wa Kibera, Nairobi, aliigiza kama Crick.

Pamoja na Kamau wa Ndung'u aliongoza filamu *Ndoto za Elibidi* (2010), kisa cha baba wa mabinti wanne katika mtaa wa mabanda Nairobi. Kamera inahama kutoka kwenye hadithi hadi kwa umati unaoitazama hadithi hiyohiyo ikichezwa hadharani kama mchezo wa kuigiza: nyuso zinacheka, kisha zinanyamaza ghafla. Hapo ndipo ubora wa filamu hiyo ulipo, kwani watazamaji wenyewe ni sehemu yake. Zilifuata *Ni Sisi* (2013), kuhusu chuki za kikabila, na *Watatu* (2015), kuhusu itikadi kali Mombasa.