Kutoka Chanzo hadi Jeraha: Fasiri za Madhila ya Utotoni katika Utafiti wa Mwelekeo wa Kimapenzi na Afya ya Akili nchini Marekani, 1957–2013

Sehemu hii inachunguza jinsi watafiti wa Marekani walivyofasiri madhila ya utotoni ya watu wanaovutiwa na jinsia yao au jinsia zote mbili. Hoja yake ni kwamba mabadiliko makubwa yalitokea katika swali lililoulizwa.

Mwaka 1962, Irving Bieber na wenzake walichapisha uchambuzi wa wanaume 106 waliovutiwa na wanaume na 100 wa kulinganishwa nao. Wote walikuwa wagonjwa waliotibiwa kwa saikolojia changanuzi. Walihitimisha kwamba baba baridi au mkali na mama anayembana mtoto huchangia kuzalisha mwelekeo huo. Hivyo, maumivu ya utotoni yakafanywa kuwa chanzo cha ugonjwa. Hata hivyo, sampuli iliyotolewa kliniki haiwezi kuwasemea wasiotibiwa. Mwaka 1957, Evelyn Hooker alikwisha kulinganisha makundi mawili ya wanaume 30 wasiokuwa kwenye matibabu. Wataalamu waliosoma majibu ya vipimo bila kuelezwa ni ya nani hawakuweza kuyatenganisha. Desemba 1973, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuondoa mwelekeo huo katika orodha yake ya magonjwa.

Uamuzi huo uliacha swali: ikiwa mwelekeo si ugonjwa, kwa nini sonona imewaandama zaidi watu hawa? Ilan Meyer (1995, 2003) alijibu kwa nadharia ya msongo wa wachache: unyanyapaa, ubaguzi na kujificha huchosha nafsi. Kwa upande wa utoto, Felitti na wenzake (1998) walionesha kwamba kadiri aina za madhila zinavyoongezeka ndivyo sonona na majaribio ya kujiua yanavyoongezeka ukubwani. Ryan na wenzake (2009), waliochunguza vijana 224, walibaini kwamba waliokataliwa sana na familia walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kueleza kwamba waliwahi kujaribu kujiua. Andersen na Blosnich (2013), kwa data za majimbo matatu, waliona kwamba watu wa makundi haya waliripoti aina nyingi za madhila kuliko wengine.

Matokeo hayo ya mwisho yanaweza kurejeshwa kwa urahisi kwenye fasiri ya Bieber. Kwa kuwa yanategemea kumbukumbu za watu wazima, hayathibitishi kilichotangulia. Mtoto anaweza kupigwa kwa sababu walezi wamekwisha kumwona tofauti. Mtafiti asiyeuzingatia mfuatano huo ataligeuza jeraha kuwa chanzo, na aliyeumizwa kuwa mwenye kosa.