Kulehemu na kuchomelea: kuhusu kiungo cha fremu ya baiskeli ya zamani

Katika Kiswahili cha Lubumbashi baiskeli huitwa kinga, na jina hilo lina ndugu yake katika Kibemba, incinga. Wanafunzi wa isimu hulitaja kila tunapogusia ukopaji wa maneno. Makala haya, hata hivyo, hayahusu jina la chombo, bali vitenzi viwili vinavyotumika pale kinapovunjika: kulehemu na kuchomelea. Watu wengi huvitumia kana kwamba vina maana moja. Kwa fremu iliyoundwa miaka sabini au themanini iliyopita, tofauti yake ndiyo inayoamua kama chombo kitabaki au kitatupwa.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka wa 1885, huko Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Baada ya miaka michache umbo la fremu lilitulia: mabomba yaliyopangwa kama pembetatu mbili zinazoegemeana. Katika kipindi hichohicho ndugu Mannesmann wa Ujerumani walivumbua njia ya kutengeneza bomba la feleji lisilo na mshono. Kisha mwaka wa 1897, mjini Birmingham, Alfred Reynolds alipata hataza ya bomba lililo nene kwenye ncha na jembamba katikati. Fremu ikawa nyepesi, lakini bomba jembamba haliwezi kustahimili moto wowote ule. Kwa hiyo suala la namna ya kuliunga likawa suala kuu la ufundi huo.

Jibu lililoenea lilikuwa soketi, yaani mkono mfupi wa chuma unaopokea ncha ya bomba. Fundi aliingiza bomba, akalishikiza kwa msumari mdogo, akapaka boraksi ili chuma kisishike kutu motoni, kisha akalipasha moto mpaka likawa jekundu. Mchanganyiko wa shaba na zinki huyeyuka karibu na digrii 900, ilhali feleji huyeyuka karibu na digrii 1,500. Shaba hutiririka na kujaza upenyo mwembamba uliopo kati ya soketi na bomba, na feleji hubaki ilivyo. Huko ndiko kulehemu. Katika kuchomelea, kinyume chake, kingo za chuma zenyewe huyeyushwa mpaka zikawa kitu kimoja.

Neno lehemu tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uleule wa lahm, nyama. Kiswahili nacho husema kuunga mfupa na kuunga chuma kwa kitenzi kimoja. Sidhani kwamba ni sadfa tupu. Msomaji wa hapa kwetu atakumbuka pia kwamba madini hayo mawili yamechimbwa Katanga: shaba ikiyeyushwa Lubumbashi tangu 1911, na zinki ikitolewa Kipushi. Kama kuna gramu chache za shaba yetu ndani ya fremu zilizorudi kuuzwa kwetu, chuma hakisemi.

Zamani kazi hii haikuhitaji karakana ya pekee. Mnamo Julai 1913, katika mashindano ya Tour de France, Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele alipokuwa akiteremka mlima wa Tourmalet. Kanuni zilikataza msaada wowote. Alitembea zaidi ya kilomita kumi, baiskeli begani, hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akautengeneza uma mwenyewe kwa saa kadhaa katika nyumba ya mhunzi. Wasimamizi walimwadhibu kwa sababu kijana mmoja alimvutia mivukuto. Kinachotuhusu ni kwamba moto wa mhunzi wa kijijini ulitosha.

Leo umeme umechukua nafasi ya mkaa, na hapo ndipo fremu za zamani zinapoangamia. Babu yangu aliniachia baiskeli ya Kiingereza iliyopasuka bomba la juu, karibu na soketi ya usukani. Niliipeleka kwenye karakana moja, ambayo sitaitaja. Walichomelea ufa kwa umeme kwa muda usiozidi robo saa. Baada ya wiki tatu bomba lilikatika tena, safari hii kando kidogo ya chomeo. Sababu yake inajulikana: shaba iliyomo ndani ya kiungo, inapopatwa na joto la kuyeyusha feleji, hupenya kati ya chembe za chuma na kukipasua. Zaidi ya hayo, bomba jembamba lililopashwa na kupoa ghafla hukakamaa na kuwa jepesi kuvunjika. Kosa lilikuwa langu pia: nilitumia kitenzi kisichofaa nilipoagiza kazi.

Fundi wa pili, mzee, aliuliza kwanza bomba lilikuwa na unene gani. Swali hilo ni la kihistoria kamili, maana bomba la juu la Kiingereza huwa na milimita 25.4, na la Kifaransa milimita 26. La chini 28.6 kwa 28. Tofauti hiyo ndogo yatosha kuifanya soketi ikatae bomba geni, au ilipokee kwa ulegevu ambao shaba haiwezi kuujaza. Alifunga uzi kutoka usukani hadi nyuma, pande zote mbili, akapima umbali wake na bomba la kiti ili aone kama fremu imepinda. Ndipo akapasha soketi mpaka shaba ikalegea, akang'oa msumari, akavuta kipande kilichoharibika.

Chini ya rangi ya bomba la chini tulikuta kitu kingine: bamba la bati lililoviringishwa na kulehemiwa kwa mkono, kazi ya fundi asiyejulikana, yumkini ya enzi ambapo babu alibebea magunia ya mahindi. Mzee alitaka kuliondoa ili fremu ifanane na ilivyotoka kiwandani. Nilimwomba aliache. Alinung'unika kwamba nalipia kazi ya nusu, akaendelea na bomba la juu.