Safari ya Vijana wa Itorero: Tangu Nyanza Hata Nkumba

Atokaye Kimironko akashuka Nyabugogo na kushika njia ya kaskazini, hufika Musanze baada ya saa mbili na kitu, na hapo baridi humlaki kabla ya wenyeji. Mbele yake husimama Muhabura, mlima wa mita 4,127, na upande wa magharibi Karisimbi, mrefu kuliko yote nchini, mita 4,507. Karibu na milima hiyo, katika wilaya ya Burera, ndipo ilipo kambi ya Nkumba. Hapo ndipo walipokwenda vijana wa Itorero liitwalo Indangamirwa mwaka 2023, wamevaa nguo za kiaskari. Mzazi amwonaye mwanawe katika vazi hilo kwa mara ya kwanza huenda akashtuka, akadhani jambo hili ni la jana. Sivyo, asili yake ni ya kale, na si yote iliyo njema.

Neno intore maana yake ni wateule. Zamani za wafalme, watoto wa watu wakubwa walitolewa kwao wakapelekwa barazani kwa mfalme au kwa chifu, wakakaa huko mbali na mama zao. Walifunzwa kucheza ngoma, kutupa mkuki, kupiga upinde, kuruka juu, na kutunga icyivugo, yaani maneno ya kujisifu ambayo kila mmoja alipaswa kuyasema mbele ya wenziwe bila ya kigugumizi. Wakikua, kundi lao ndilo lililokuwa kiini cha jeshi. Mfalme Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alipigana vita takriban umri wote wa ufalme wake, na vijana hao hakuwaacha nyumbani wakapumzika. Walikwenda zamu za kulinda mipaka katika kambi, na kazi hiyo ikiitwa urugerero.

Mwaka 1907 alifika Rwanda Adolf Friedrich, mwana wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg katika Ujerumani, akapokewa na mfalme Musinga kule Nyanza. Vijana wakaruka mbele yake, na picha iliyopigwa siku zile imezunguka dunia nzima. Wazungu waliandika kuwa baadhi yao walivuka mita mbili na nusu, ilhali rekodi ya ulimwengu wakati huo ilikuwa mita 1.97. Lakini Wanyarwanda walianza kuruka kutoka juu ya kituta kidogo, kwa hiyo kulinganisha si haki kwa upande wo wote.

Watu wa msafara ule ule ndio waliopanda Karisimbi mwezi wa Februari 1908. Jina la mlima huo hutokana na isimbi, kauri nyeupe, kwa ajili ya weupe unaofunika kilele chake mara kwa mara. Na mjuzi wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, kwani naye analo neno simbi. Kirschstein, mtaalamu wa mawe, alikuwa njiani na wapagazi wake ilipowashukia tufani ya theluji na mvua ya mawe. Watu wa nchi za joto, mizigo vichwani na nguo nyepesi mwilini, wakaketi chini wakakata tamaa. Wapagazi 20 wakafa kwa baridi. Jina la bwana wa msafara limehifadhiwa katika vitabu. Wao hutajwa kwa hesabu tu. Kumpandisha mtu mlimani bila ya kumwandaa hakuwezi kuitwa ushujaa, wa aliyempeleka wala wa aliyepelekwa.

Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, Itorero lilianza kupungua nguvu. Vita vya mfalme vilikwisha, na watoto wa machifu wakaelekezwa shuleni, hasa ile shule kubwa ya Astrida iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya watawa wa Kikatoliki. Iliyobaki ni ngoma. Waislamu hawakuwa na fungu kubwa huku wala huku. Msikiti wa Al-Fat'h wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913, jamaa wakawa na makazi yao Biryogo, ila elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na mlango wa baraza la mfalme haukuwa wao. Chama chao cha nchi nzima kiliundwa mwaka 1964.

Kisha ikaja khabari nzito. Mapema katika miaka ya 1990, chama kilichotawala kilikuwa na tawi la vijana, Interahamwe. Nao walikuwa na nyimbo, sare, wakubwa wa kuamrisha na mazoezi ya silaha. Mwaka 1994 walikuwa mstari wa mbele katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na watu zaidi ya milioni moja wakapotea. Wapo Waislamu wengi waliowaficha jirani zao katika nyumba na misikiti, wakakataa kutii amri ile. Kwa hiyo nidhamu peke yake haitoshi kuwa sifa. Yapasa kuulizwa kijana anatiishwa kwa lipi, na nani ameachwa nje ya safu.

Mwaka 2007 serikali iliamua kulihuisha Itorero, na mwaka 2008 likakusanywa kundi la kwanza la Indangamirwa, hasa wanafunzi wasomao ng'ambo, waliohofiwa kuisahau nchi na lugha yake. Baadaye wakaongezwa waliofanya vyema katika urugerero, jina la zamani lililorudi mwaka 2013 likiwa na maana mpya: kazi za kujitolea za waliomaliza sekondari. Kwa miaka mingi kambi ilikuwa Gabiro, mashariki, nchi ya jua na mbuga. Hufunzwa gwaride, kujilinda, tarikhi ya nchi pamoja na yale ya 1994, na hupelekwa kuitazama nchi yao kwa macho. Lango la Nyanza lilikuwa la wavulana wa nyumba kubwa. Hili huingiwa na wasichana pia, na kabila haliulizwi, wala dini.

Kundi la 12 lilikutana mwaka 2019. Ugonjwa wa Uviko-19 ukaikata safari hata mwaka 2023, ndipo kundi la 13 likaitwa, si Gabiro tena, bali Nkumba, kwenye baridi ya Muhabura.