Chembe za dhahabu kufichua dawa za wadudu katika mboga na maji

MABAKI ya dawa za kuua wadudu katika mboga hayaonekani kwa macho, lakini kiasi kidogo mno chaweza kumkosesha mkulima soko. Mnamo Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za mishiri na minji kutoka Kenya, baada ya kupatikana mabaki ya dimethoate yaliyozidi kiwango kilichoruhusiwa.

Kwa dawa isiyowekewa kiwango maalumu, Ulaya huruhusu miligramu 0.01 pekee kwa kila kilo ya chakula. Hiyo ni sawa na gramu moja katika tani 100 za mboga.

Mitambo ya maabara huweza kupima kiasi hicho. Hata hivyo, ni ghali, huhitaji wataalamu, na haibebeki hadi shambani au mtoni. Ndiyo sababu wanasayansi wamegeukia vitambuzi vya nanoteknolojia, vinavyotumia chembe zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita.

Kimojawapo hutumia chembe za dhahabu. Zikitawanyika majini, chembe hizo huonekana nyekundu. Zikikusanyika, hugeuka zambarau au buluu. Pamoja nazo hutiwa kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, ambacho pia hufanya kazi katika neva za binadamu na wadudu. Kikiwa hai, huvunja kemikali maalumu iliyoongezwa na kutoa zao linalozikusanya chembe.

Dawa za jamii ya oganofosfati hukizima kimeng'enya hicho. Ndivyo zinavyoua wadudu na kumdhuru binadamu. Kwa hivyo, sampuli safi hugeuka buluu, ilhali yenye dawa husalia nyekundu.

Kipimo hiki kina mipaka. Kimeng'enya huharibika kwa joto, matope na rangi ya mboga huweza kupotosha majibu, na dawa yenyewe haitajwi jina. Sampuli inayotiliwa shaka sharti ithibitishwe katika maabara.

Faida yake ni kutoa onyo mapema, kabla ya mavuno kufungashwa. Hata hivyo, hakichukui nafasi ya kuzingatia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Dawa iliyokwisha kupenya ndani ya mmea, kama dimethoate, haiondolewi kwa kuosha mboga.