Urari wa Malipo, Ukisomwa Kutoka Busia na Malaba

Urari wa malipo ni hesabu inayoonyesha miamala yote ya kiuchumi iliyofanyika katika kipindi fulani, kwa kawaida robo mwaka au mwaka mzima, kati ya wakazi wa nchi moja na wakazi wa nchi nyingine zote. Mwanafunzi wa uchumi jumla hukutana nayo mwishoni mwa kozi, baada ya pato la taifa, mfumuko wa bei na ukosefu wa ajira, na mara nyingi huipitia mbiombio kwa sababu mitihani imekaribia. Kwa anayesomea Chuo Kikuu cha Alupe, kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, miji miwili ya mpaka wa Kenya na Uganda, hiyo ni hasara. Karibu kila kifungu cha fasili hiyo anaweza kukiona kwa macho yake akipanda matatu kuelekea upande wowote wa barabara.

Neno lenyewe wanafunzi wa Kenya huwa wamelizoea kabla ya kufika chuoni. Katika ushairi wa shule ya upili hufundishwa kwamba mshairi amefupisha au kurefusha neno ili kutosheleza urari wa vina na mizani, yaani ili mishororo ilingane. Wahasibu nao husema hesabu ina urari pale jumla ya upande mmoja inapokuwa sawa na jumla ya upande wa pili. Maana hii ya kulingana ndiyo inayobebwa na istilahi ya urari wa malipo, na inaibeba sawasawa.

Ugumu huanza neno hilohilo linapotwikwa kazi ya pili. Husemwa pia urari wa biashara, au urari wa akaunti ya kawaida, na humo urari haumaanishi kulingana bali tofauti inayobaki baada ya kutoa upande mmoja kutoka kwa mwingine: kile ambacho mtu anayetazama simu yake angekiita salio. Kiingereza hutumia neno moja kwa maana zote mbili, na Kiswahili kikakifuata ingawa tayari kilikuwa na maneno mawili mazuri. Salio la biashara lingekuwa jina bora, maana haliwezi kumfanya msomaji ajiulize inawezekanaje kilicho sawa kiwe na upungufu. Hata hivyo urari wa biashara umekwisha kukomaa katika magazeti na katika taarifa za serikali, hasa Tanzania, ukiandamana na nakisi kwa upungufu na ziada kwa kinyume chake. Anayefundisha hana budi kulitumia. Linalompasa ni kueleza mapema kwamba urari wa hesabu nzima ni usawa, na urari wa sehemu ya hesabu ni salio.

Usawa huo unatokana na kanuni moja: kila muamala huandikwa mara mbili. Mfanyabiashara wa jumla wa Busia upande wa Kenya anapomuuzia mchuuzi wa Busia ya Uganda katoni kumi za sabuni, Kenya imeuza bidhaa nje, na hilo ni ingizo la kwanza. Ingizo la pili ni malipo. Mnunuzi akilipa kwa shilingi za Uganda, muuzaji amepata dai juu ya nchi ya pili, kwa kuwa noti, kwa lugha ya hesabu, ni deni la benki kuu iliyoitoa. Akilipa kwa shilingi za Kenya alizokuwa amezihifadhi nyumbani, Kenya haikupata dai jipya, ila deni lake kwa watu wa nje limepungua kwa kiasi hicho. Akichukua sabuni kwa mkopo, dai ni ahadi yake ya kulipa. Kwa vyovyote vile thamani ya sabuni iko upande mmoja na thamani ileile iko upande wa pili. Mamilioni ya maingizo ya namna hii yakijumlishwa, jumla kuu lazima iwe sufuri. Kwa hiyo nchi haiwezi kuwa na nakisi ya urari wa malipo wote. Anayesema hivyo huwa anakusudia sehemu yake mojawapo.

Sehemu hizo ni tatu. Akaunti ya kawaida hukusanya biashara ya bidhaa, biashara ya huduma, mapato ya kazi na ya mitaji, na uhawilishaji, ambao ni fedha zinazotolewa bila kudai kitu, kama zile zinazotumwa nyumbani na walio ng'ambo. Akaunti ya mtaji ni ndogo katika nchi nyingi, nayo hupokea mambo kama misaada ya miradi na msamaha wa madeni. Akaunti ya fedha ndiyo inayoonyesha nchi ilivyogharimia yote hayo: mikopo, hatifungani, uwekezaji wa kampuni za kigeni, na mabadiliko katika akiba ya fedha za kigeni ya benki kuu. Mwaka 2023 bidhaa zilizoingia Kenya zilikuwa na thamani ya takriban shilingi trilioni 2.6, na zilizotoka takriban trilioni 1. Nakisi ya bidhaa peke yake inatisha. Lakini katika akaunti hiyohiyo ya kawaida mna utalii, uchukuzi na fedha za walio ng'ambo, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na kilichosalia kilijazwa kupitia akaunti ya fedha. Kuita nakisi ya biashara hasara, kama wanasiasa wanavyopenda, ni kuchanganya mambo mawili. Nakisi husema kwamba wakazi wametumia bidhaa za nje zaidi ya walizouza na kwamba tofauti imelipwa kwa njia nyingine. Kama njia hiyo ni ya busara au la ni swali la akaunti ya fedha.

Katika fasili, neno zito kuliko yote ni mkazi, na hapa ndipo Busia inapofundisha vizuri kuliko kitabu. Mkazi si raia. Mwongozo wa Shirika la Fedha Duniani, ambao toleo lake la sita lilitoka mwaka 2009, huangalia kitovu cha shughuli za kiuchumi za mtu, na kipimo chake cha kawaida ni mwaka mmoja au zaidi. Mganda aliyefungua duka na kuishi Busia ya Kenya kwa miaka mitatu ni mkazi wa Kenya. Akimuuzia jirani yake sukari, muamala huo haumo kabisa katika urari wa malipo, hata wakilipana kwa shilingi za Uganda. Kipimo ni mkazi, wala si sarafu. Anayeishi ng'ambo ya mpaka na kuvuka kila asubuhi kuja kubeba mizigo Kenya, kisha kurudi jioni, ni mkazi wa Uganda, na ujira wake ni mapato ya kazi yaliyolipwa nje. Mwanafunzi Mkenya aliye katika chuo kikuu cha Uganda hubaki mkazi wa Kenya hata akikaa huko miaka minne, kwa kuwa wanafunzi na wagonjwa wametengwa na kanuni ya mwaka mmoja. Karo na kodi ya chumba chake ni huduma ambazo Kenya imenunua kutoka nje. Mpaka umepita katikati ya Wateso na Wasamia, na ukoo mmoja waweza kuwa na watu pande zote mbili. Debe la mahindi ambalo shangazi wa Uganda anampelekea mpwa wake wa Kenya bila malipo ni uhawilishaji. Ni halisi kama mkopo wa benki, isipokuwa hakuna anayeliandika.

Malaba hufundisha jambo la pili. Foleni ya malori inayoonekana hapo imebeba shehena zilizoteremshwa Mombasa kwa ajili ya Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo. Mtazamaji hudhani anaangalia mauzo ya Kenya nje. Sivyo. Bidhaa za kupita njia hazikuwahi kumilikiwa na mkazi wa Kenya, kwa hiyo hazihesabiwi zinapoingia bandarini wala zinapotoka Malaba. Kinachohesabiwa ni huduma: ada za bandari, nauli inayolipwa kampuni ya malori ya Kenya na mwagizaji wa Kampala, na hata ugali na chumba anavyolipia dereva Mganda anapolala Malaba, ambavyo huingia katika kifungu cha safari pamoja na matumizi ya watalii wa Maasai Mara. Ikiwa mkazi wa Kenya alizinunua bidhaa hizo kwanza na ndipo akaziuza Uganda, mambo hubadilika: huandikwa kama zilizoingia, kisha kama zilizouzwa tena nje. Malori mawili yanayofanana, yakifuatana katika foleni moja, yanaweza kuwa na maana mbili tofauti katika hesabu za taifa.

Jambo la tatu ni lile lisiloandikwa. Omena, ambao Waganda huwaita mukene, maharagwe, ndizi, mahindi na mayai huingia Kenya kila siku juu ya kichwa, kwenye baiskeli na kwenye bodaboda. Jina la bodaboda lenyewe linasemekana kuzaliwa hapo Busia, kwa wapanda baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka kizuizi kimoja cha mpaka hadi kingine. Mafuta ya kupikia, sabuni na bidhaa za plastiki huelekea upande wa pili. Shehena ndogo namna hiyo hupita bila fomu ya forodha, nyingine mbele ya macho ya maofisa na nyingine kwa njia za panya. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Benki Kuu ya Uganda na ofisi ya takwimu ya nchi hiyo zimekuwa zikiweka watu mipakani, Busia na Malaba zikiwamo, wahesabu kwa macho kinachopita katika baadhi ya siku, wakadirie uzito na bei, kisha wakuze hesabu iwe ya mwezi. Ni kazi ya subira: gunia likipita juu ya pikipiki, mhesabuji anapaswa kujua kwa kulitazama kama lina mahindi au maharagwe, na kama limejaa au ni nusu. Makadirio hayo yameonyesha mara kwa mara kwamba katika biashara isiyo rasmi Uganda huuza zaidi kuliko inavyonunua. Anayetazama fomu za forodha peke yake hawezi kuliona hilo.

Pengo la namna hiyo huathiri pia mlinganyo ambao kila mwanafunzi hukariri: pato la taifa ni jumla ya matumizi ya kaya, uwekezaji, matumizi ya serikali, na mauzo ya nje ukitoa manunuzi ya kutoka nje. Mahindi yaliyoliwa Kenya huonekana katika matumizi ya kaya. Yasipoonekana katika manunuzi ya nje, mlinganyo utayachukulia kana kwamba yalilimwa Kenya. Katika urari wa malipo nako dalili hujitokeza. Fedha iliyolipia mahindi inaweza kuonekana katika benki ilhali mahindi yenyewe hayakuonekana popote, na pande mbili zikakataa kulingana. Watakwimu hawaruhusiwi kuacha hesabu hivyo, kwa hiyo huandika mstari wa makosa na mapengo, wenye kiasi hasa kinachohitajika ili jumla iwe sufuri. Mstari huo ni uungwana wa taaluma: unamwambia msomaji waziwazi ukubwa wa kilichokosekana.

Hata kilichoandikwa rasmi hakilingani lazima na cha jirani. Kwa desturi, katika takwimu za forodha, mauzo ya nje huthaminishwa bila gharama za safari, na manunuzi ya nje pamoja na bima na uchukuzi, kwa hiyo shehena moja hupata thamani mbili. Sarafu huongeza lake. Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160 za Kenya. Baada ya serikali kuuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 mwezi wa Februari, shilingi ilipata nguvu, na katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130. Wabadilishaji fedha wa Busia waliliona hilo katika bei ya shilingi ya Uganda kabla halijafika kwenye jedwali lolote.

Kulinganisha urari wa biashara wa nchi mbili peke yake ni zoezi lenye historia ndefu hapa. Kabla ya 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na bado Uganda na Tanganyika zililalamika kwamba Kenya iliziuzia bidhaa za viwandani kupita ilivyonunua kwao. Makubaliano ya Kampala ya 1964 yalijaribu kugawanya viwanda upya. Mkataba wa 1967 uliruhusu nchi yenye nakisi kutoza kodi maalumu bidhaa za viwandani za mwenzake. Miaka kumi baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Ni wakati huohuo, bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, ndipo kahawa ya Uganda ilipovushwa kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Mlima Elgon, na nyingi ikauzwa nje kana kwamba ni ya Kenya. Takwimu za nchi zote mbili za miaka hiyo zinafaa kusomwa kwa tahadhari.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ulianza tarehe 1 Januari 2005, na vituo vya pamoja vya mpakani vimewaweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018. Mchuuzi mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupata hapohapo cheti rahisi cha asili ya bidhaa, akavuka bila ushuru wa forodha. Cheti hicho kilibuniwa kumpunguzia gharama. Kila kinapotolewa, hata hivyo, mzigo ambao zamani ungekadiriwa kwa macho huingia katika kumbukumbu za forodha ukiwa na jina, uzito na bei, na kutoka hapo katika akaunti ya kawaida.